Shajara ya Mradi: Njia za Uzamili kwa Wakufunzi wa Uuguzi, Tanga

Mradi huu unawaandaa wauguzi 9 wa Tanga Mjini, Muheza na Korogwe kuomba masomo ya uzamili yatakayowafikisha kwenye kazi ya kufundisha uuguzi. Wote wana shahada ya kwanza ya uuguzi, wamemaliza mwaka wa utarajali na wamesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mwishoni vinatakiwa vitu viwili: jedwali la njia zilizopo na masharti yake, na bahasha ya maombi iliyokamilika kwa kila mmoja. Majina hayaandikwi humu, kila mwombaji ana namba ya faili. Kumbukumbu huandikwa Ijumaa baada ya kikao.

Juma la 1: Darasa kwanza, cheti baadaye

Fomu 7 kati ya 9 zimerudi na jibu moja kwenye nafasi ya lengo: "kusoma uzamili". Tumezirudisha kwa wenyewe na swali jipya: unataka kumfundisha mwanafunzi wa ngazi gani, na nani atakuajiri?

Majibu yamegawanyika mara tatu. Kuna chuo cha kati, kinachofundisha astashahada na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA, mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi, chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Huko cheo ni mkufunzi. Kuna chuo kikuu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambako mtu huanza akiwa mkufunzi msaidizi kwa shahada ya kwanza, huwa mhadhiri msaidizi kwa uzamili, na mhadhiri kwa uzamivu. Na kuna kufundishia wodini: muuguzi anayewapokea wanafunzi Bombo, Teule ya Muheza au Magunga ya Korogwe, anawaonyesha kazi kwa mkono na kuwajazia vitabu vya mazoezi. Huyu wa tatu husahaulika, ilhali ndiye mwanafunzi anamwona kila siku.

Tofauti hizi zina bei, na bei yenyewe ni GPA, yaani wastani wa alama za shahada. Kudahiliwa uzamili nchini, kiwango cha chini kinachoonekana mara nyingi ni 2.7 kati ya 5.0, yaani mwanzo wa daraja la pili la chini. Kuajiriwa ni habari nyingine. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma yamekuwa yakitaka 3.8 ya shahada ya kwanza kwa mkufunzi msaidizi, na kwa mhadhiri msaidizi hiyo 3.8 pamoja na 4.0 ya uzamili. Kwa hiyo mwenye 3.1 atadahiliwa, atasoma miaka 2, atafaulu vizuri, kisha ataukuta mlango wa uhadhiri umefungwa na cheti alichokipata miaka mingi nyuma. Hakuna tasnifu inayoweza kuifuta GPA ya shahada ya kwanza.

Faili 3, 5 na 8 ziko chini ya 3.5. Wote watatu wameelezwa waziwazi, na wote wamechagua chuo cha kati. Tunaliona hilo kuwa chaguo zuri kabisa: wauguzi wengi wa nchi hii hupikwa kwenye vyuo vya kati, na huko ndiko mkufunzi aliyesomea kufundisha anahitajika zaidi.

Juma la 2: Jedwali lina familia tatu

Tulianza kupanga programu kwa nchi, tukaacha. Upangaji unaosaidia ni wa kuangalia shahada inamfanya mtu kuwa nani.

Familia ya kwanza ni uzamili wa kliniki. Mfano wa karibu ni MUHAS, yenye uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wa afya ya akili, na wa ukunga na afya ya wanawake. Ni miaka 2: mwaka wa masomo na mazoezi wodini, na mwaka ambao sehemu yake kubwa huliwa na tasnifu. Mtu hutoka hapo akijua mgonjwa wake kwa kina. Asichopewa cha kutosha ni namna ya kutunga mtaala, kuandaa mtihani na kumsimamia mwanafunzi dhaifu.

Familia ya pili ni uzamili wa elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo mkoani Tanga, na kina stashahada ya uzamili ya elimu pamoja na shahada za uzamili za elimu, mojawapo ikiwa ya uongozi, mipango na sera. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kupitia taasisi yake ya elimu iliyoko Dar es Salaam, kinatoa uzamili wa elimu wa miaka 2. Hapa mtu hujifunza kufundisha, lakini mifano yote ni ya shule. Kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa ada: stashahada ya uzamili ya elimu imejengwa kwa ajili ya mwalimu wa sekondari, na mwombaji hutarajiwa kuwa na masomo ya kufundishia. Muuguzi aliyesoma baiolojia na kemia atayaeleza masomo hayo. Asiyejiandaa ataishia kubishana dirishani.

Familia ya tatu inaunganisha vyote: elimu ya uuguzi, au elimu ya taaluma za afya kwa jumla. Maastricht nchini Uholanzi inatoa uzamili wa elimu ya taaluma za afya, krediti 60 za Ulaya, ambao sehemu yake kubwa husomwa kwa mbali huku mtu akiwa kazini. Dundee ya Uskoti inafundisha elimu ya tiba kwa mbali na kupokea taaluma nyingine za afya. Stellenbosch ya Afrika Kusini nayo ina uzamili wa elimu ya taaluma za afya. Marekani ina uzamili wa uuguzi wenye mkondo wa elimu. Huo una masharti yake, utapata juma lake.

Pembeni ya familia hizi kuna kituo cha Arusha, CEDHA, ambacho kazi yake ni kuwaandaa wakufunzi wa vyuo vya afya. Kwa anayelenga chuo cha kati, mafunzo ya hapo yanaongeza kile ambacho uzamili wa kliniki hauna.

Tulipofika hapa msimamo wa mradi ukajitokeza wenyewe, na tutaushikilia hadi mwisho: mkufunzi wa uuguzi anahitaji mguu mmoja wodini na mguu mmoja kwenye ualimu. Kama shahada moja haimpi vyote viwili, apange viwili. Ili kupima programu inatoa nini, jedwali limeongezewa safu 8 zinazofuata maeneo ya umahiri wa mkufunzi wa uuguzi yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016: nadharia za kujifunza kwa watu wazima, mtaala na utekelezaji wake, utendaji wa uuguzi, utafiti na ushahidi, mawasiliano na ushirikiano, maadili na sheria, ufuatiliaji na tathmini, na uongozi. Kila programu inawekewa alama kwa kusoma orodha ya moduli zake. Jina la shahada halihesabiwi.

Matokeo ya awali: uzamili wa kliniki unajaza vizuri safu ya utendaji na ya utafiti, huku safu ya mtaala na ya tathmini zikibaki karibu tupu. Uzamili wa elimu unajaza hizo mbili na kuacha utendaji wazi.

Juma la 3: Krediti haziko sawa

Faili 2 na 6 walikuwa wameikataa programu ya Marekani kwa sababu "ina krediti 36 tu, ya hapa ina 180". Wawili hawa walikuwa wakipima nazi na mchele kwa kibaba kimoja.

Hesabu iliyowekwa ukutani ni hii. Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, mazoezi, kusoma peke yako na mitihani. Uzamili wa krediti 180 ni saa 1,800. Uingereza ni vivyo hivyo. Uholanzi, krediti 1 ya Ulaya ni saa 28, kwa hiyo 60 ni saa 1,680. Marekani, krediti 1 ni saa 1 ya darasa na saa 2 za kazi ya nje kila juma kwa takriban majuma 15, yaani saa 45. Krediti 36 ni saa 1,620, na krediti 40 ni saa 1,800 kamili. Kwa kipimo hicho programu zote zinakaribiana.

Kosa la pili linahusu GPA, na lina madhara makubwa zaidi. Marekani hutumia kipimo cha 4.0 na vyuo vingi huko hutaka 3.0. Mwombaji mwenye 3.5 kati ya 5.0 akizidisha kwa 0.8 anapata 2.8, anajiona ameshindwa, anaacha. Ilhali 3.5 hapa ni daraja la pili la juu. Vipimo hivi havibadilishwi kwa kuzidisha, kwa sababu mgao wa alama haufanani. Kanuni ya mradi: andika GPA kama ilivyo kwenye transkripti, taja "kati ya 5.0", na chuo kikitaka tathmini basi ifanywe na taasisi kinazozikubali, kwa mfano WES au CGFNS (ambayo sasa inaitwa TruMerit). Faili 2 amerudishwa kwenye orodha.

Juma la 4: Marekani

Kikwazo cha kwanza ni leseni. Uzamili mwingi wa uuguzi nchini Marekani, hata unaosomwa kwa mtandao, hutaka leseni ya uuguzi ya Marekani isiyo na dosari. Leseni ya Tanzania haitoshi. Ili kuipata mtu hupitia uhakiki wa vyeti na mtihani wa NCLEX-RN, kazi inayoweza kula mwaka au zaidi. Sharti hili huwa limeandikwa mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa wa udahili. Kikwazo cha pili ni mahali pa kufanyia mazoezi: programu ya mtandao husema "popote ulipo", kisha hutaka msimamizi mwenye sifa za Marekani na mkataba na hospitali. Tumeandaa barua fupi ya maswali mawili inayotumwa kabla ya ada yoyote kulipwa: mnampokea mwombaji asiye na leseni ya Marekani? Mazoezi ya kufundisha yanaweza kufanyika Tanzania, na chini ya nani?

Kwa atakayevuka hapo, yaliyomo ni mazuri. Programu nyingi za mkondo wa elimu huweka masomo matatu ya juu ya kliniki, yaani pathofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili), famakolojia na uchunguzi wa mgonjwa, kisha mtaala, mbinu za kufundisha, upimaji, na mazoezi ya kufundisha yenye saa zinazohesabiwa. Hiyo ndiyo miguu miwili tunayoisema. Mwenye uzamili wa kliniki tayari anaweza kutafuta cheti cha baada ya uzamili katika elimu ya uuguzi badala ya kuanza shahada nyingine upya.

Kumetokea mkanganyiko kuhusu shahada za juu zaidi. Uzamivu wa utafiti hutengeneza mtafiti, na ndio unaoeleweka moja kwa moja kwenye ngazi za uhadhiri za hapa. DNP ni udaktari wa utendaji wa uuguzi. Jumuiya ya vyuo vya uuguzi vya Marekani, AACN, ilipitisha msimamo wa kuisukuma mwaka 2004. Lengo lake ni kuboresha huduma, na mradi wake wa mwisho mara nyingi hauna uzito wa tasnifu ya uzamivu. EdD ni udaktari wa elimu. Anayetaka kuwa mhadhiri Tanzania aulize kwanza TCU jinsi DNP itakavyotambuliwa kabla ya kuitumikia miaka 3. Neno "daktari" lililo kwenye cheti lisimdanganye.

Pia kuna cheti cha mkufunzi wa uuguzi kiitwacho CNE, kinachotolewa na NLN, jumuiya ya Marekani ya elimu ya uuguzi, tangu 2005 kwa mtihani. Ni utambulisho wa umahiri na hakihesabiki kuwa shahada. Njia mojawapo ya kukalia mtihani huo ni uzamili wa uuguzi wenye msisitizo wa elimu ya uuguzi, au uzamili wa uuguzi pamoja na krediti 9 na zaidi za masomo ya ualimu za ngazi ya uzamili. Tumekiweka kwenye safu ya "baadaye".

Juma la 5 na la 6: Bahasha

Majuma mawili yameunganishwa kwa sababu kazi ni moja na imekuwa ngumu kuliko yote. Bahasha ya kila mwombaji ina: cheti cha shahada na transkripti, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada, cheti cha utarajali, cheti cha usajili na leseni, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, wasifu, barua mbili au tatu za wadhamini wa kitaaluma, andiko la kusudi, dhana ya utafiti ya kurasa 2 hadi 3, na ruhusa ya mwajiri.

Jina ndilo linaloongoza kwa kuvuruga. Faili 4 ina majina matatu kwenye cheti cha kidato cha nne, mawili kwenye shahada, na herufi moja imebadilika kwenye NIDA. Faili 7 aliolewa akaanza kutumia jina la mume kwenye leseni pekee. Mfumo wa maombi hauna mahali pa kueleza. Tofauti ya herufi huweza kumalizwa na kiapo mbele ya wakili; kubadilika kwa jina lenyewe kunahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kazi hii ianze siku ya kwanza, maana kila karatasi inayofuata hutakiwa kulifuata jina lililokubaliwa. Ukianza na leseni kisha ukaja kurekebisha NIDA, utarudia safari yote.

Transkripti na matokeo ya mtandaoni ni vitu viwili tofauti. Picha ya skrini haikubaliki. Vyuo vya nje mara nyingi hutaka transkripti itumwe na chuo chenyewe ikiwa imefungwa na kugongwa muhuri, kwa hiyo bajeti ya muda ni majuma 4, wala si siku 3. Maombi manne yametumwa kwa vyuo walikosoma, moja limejibiwa.

Leseni: usajili na leseni ni karatasi mbili. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa huku leseni yake ya kufanya kazi imelala kwa kukosa pointi za mafunzo endelevu. Faili 9 iko hivyo. Amepewa kazi ya kukusanya vyeti vya mafunzo aliyohudhuria na kuziingiza pointi kwenye mfumo wa Baraza. Vingine vilikuwa kabatini bila kuingizwa.

Barua za wadhamini: inchaji wa wodi humfahamu mwombaji vizuri, lakini chuo hutaka angalau barua moja ya mtu aliyemfundisha. Barua dhaifu ni ile inayosema "ni mchapakazi na mwenye heshima" ikaishia hapo. Mdhamini apewe karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo halisi: wanafunzi wangapi alisimamia kwa mwezi, somo gani la kitabibu aliliandaa wodini, badiliko gani alilileta kwenye kupokezana zamu. Tumeandaa karatasi hiyo kwa wote 9.

Skani: kila waraka faili lake, PDF, rangi, ukubwa usiozidi ule unaotajwa na mfumo, jina la faili bila nafasi. Picha iliyopigwa kwa simu ikiwa na kivuli cha mkono imekataliwa mara mbili. Steshenari ya karibu na soko la Ngamiani imeskani bahasha 6 kwa siku moja, na zote ziko safi.

Andiko la kusudi limechukua vikao vitatu. Waombaji huanza na utoto na wito. Msomaji wa udahili anatafuta mambo mengine: umeona tatizo gani kwenye kufundisha uuguzi, umejaribu nini, programu hii inakupa kitu gani ambacho huna, utakitumia wapi. Andiko la Faili 1 sasa linafungua hivi: wanafunzi 14 wa stashahada wanapangwa kwenye wodi moja kwa zamu moja, muuguzi mmoja anawasimamia na ana wagonjwa wake. Sentensi hiyo moja imefanya kazi ya aya tatu za mwanzo.

Kiingereza: chuo cha nje kikitaka IELTS au TOEFL, matokeo huishi miaka 2 tu. Asifanye mapema mno. Kwanza aulize kama barua inayothibitisha kwamba alisoma shahada kwa Kiingereza inatosha. Kwa vyuo kadhaa inatosha, na hiyo huokoa fedha nyingi.

Juma la 7

Mvua, na umeme umekatika Jumanne na Jumatano. Transkripti mbili zimefika. Faili 4 bado anasubiri hati ya jina. Hakuna zaidi.

Juma la 8: Dhana ya utafiti

Dhana 9 zimesomwa. Saba zilihusu "maarifa, mtazamo na mazoea" ya wauguzi juu ya ugonjwa fulani. Kwa uzamili wa kliniki huenda zikapita, ingawa wasimamizi wamezichoka. Kwa anayejiandaa kufundisha, utafiti ndiyo nafasi yake ya kuingiza mguu wa pili hata ndani ya shahada ya kliniki: achunguze usimamizi wa wanafunzi wodini, uhalali wa vitabu vya mazoezi, au pengo kati ya maabara ya stadi na wodi. Mwanafunzi wa uzamili wa ukunga anaweza kabisa kutafiti jinsi wakunga wanafunzi wanavyofundishwa kusoma patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Dhana tano zimebadilishwa kwa njia hiyo.

Ukubwa wa sampuli ulikuwa na kosa linalojirudia. Watu wanne waliandika 384, namba inayotoka kwenye fomula ya sampuli kubwa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa la asilimia 5 na uwiano wa nusu. Wakufunzi na wasimamizi wa wodini wanaotafitiwa ni 60 kwa jumla. Hupati 384 kutoka kwa watu 60. Kwa fomula ya Yamane, 60 ÷ (1 + 60 × 0.0025) ni 60 ÷ 1.15, yaani 53 baada ya kupandisha. Ukiongeza asilimia 10 ya watakaokataa unafika 59. Basi wachukue wote 60, waandike kwamba ni sensa ya kundi zima, na fomula itolewe.

Njia ya vibali imechorwa: kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha halmashauri inapohusika, kisha Mganga Mfawidhi wa hospitali, na mwisho inchaji wa wodi. Anayeruka ngazi hurudishwa. Kuna jambo la maadili ambalo dhana zote zililisahau: mkufunzi anapowatafiti wanafunzi wake mwenyewe, mwanafunzi hawezi kukataa kwa uhuru. Fomu ya ridhaa igawiwe na mtu mwingine, na data zisifunguliwe mpaka matokeo ya mitihani yatangazwe.

Juma la 9: Mazoezi ya kufundisha

Vyuo vinavyofanya usaili huweza kumtaka mwombaji afundishe dakika 15 au 20. Tumefanya mazoezi ya wote, kila mmoja na mpango wa somo wa ukurasa mmoja.

Makosa yamefanana. Malengo yameandikwa kwa kitenzi "kuelewa", kisichopimika. Tumeyageuza kuwa "kutaja", "kuonyesha", "kukokotoa". Slaidi 22 kwa dakika 20. Maswali ya "tumeelewana?" ambayo darasa lote hujibu ndiyo. Somo lililokwenda vizuri kuliko yote lilikuwa la Faili 5, kukokotoa matone ya dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, 1,000 × 20 ÷ 480, matone 42 kwa dakika. Alitoa hesabu, akanyamaza, akapita kati ya meza akitazama wanapokosea. Wengi walisahau kugeuza saa kuwa dakika, na aliwafundisha pale pale walipokwama. Huyu ndiye mwenye GPA ya 3.1. Ukimwona akifundisha unaelewa kwa nini tunasisitiza vyuo vya kati vipate watu kama yeye.

Saa moja ilitumika kupanga mtihani wa vituo wa kupima stadi za kliniki, OSCE, ambao Ronald Harden wa Dundee aliueleza mwaka 1975. Vituo 10, dakika 6 kila kimoja, dakika 1 ya kuhama: kundi la wanafunzi 10 humaliza kwa dakika 70. Wanafunzi 40 ni mizunguko 4, yaani saa 4 na dakika 40 bila mapumziko. Hapo ndipo mambo huharibika: mtahini aliyekaa kituo kimoja saa 4 huanza kutoa alama kwa mazoea, mgonjwa wa kuigiza hubadilisha maelezo, na wa mzunguko wa kwanza huwasimulia wa mwisho. Dawa yake ni mapumziko ya dakika 20 katikati, watahini wabadilishane, na wanafunzi wanaosubiri wawekwe chumba kimoja bila simu. Orodha ya hatua isizidi 15 kwa kituo cha dakika 6. Ikizidi, mtahini anaangalia karatasi na kumsahau mwanafunzi.

Juma la 10: Ruhusa na fedha

Sita ni watumishi wa umma. Ruhusa ya masomo huanzia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Jina lisipokuwemo, barua nzuri haisaidii mwaka huo. Faili 6 na 8 wamegundua kuwa hawamo, wameomba kuingizwa mwaka wa fedha ujao, na maombi yao ya chuo yamesogezwa. Kuondoka kwanza na kuomba ruhusa baadaye kunaweza kumfutia mtu mshahara, hata kazi.

Bajeti zimekuwa zikisahau vitu vidogo: gharama za kamati ya maadili, uchapaji na ufungaji wa tasnifu, nauli za kwenda kumwona msimamizi Dar es Salaam, na mwezi wa nyongeza tasnifu inapochelewa, jambo la kawaida. Sasa zina mstari wa miezi 6 zaidi ya muda rasmi. Ufadhili wa Commonwealth umewekwa kwenye safu ya wanaokwenda Uingereza au wanaosoma kwenye vyuo vya huko kwa mbali. Una dirisha lake, nalo halifuati dirisha la chuo, hivyo maombi mawili hupelekwa sambamba.

Kwa anayesoma nje, kwa mwili au kwa mtandao: tuzo italetwa TCU kutambuliwa. Swali kuhusu chuo na programu lipelekwe TCU kabla ya kujiandikisha, na jibu litunzwe kwa maandishi.

Juma la 11: Hali ya mafaili

Faili 1 na 2: uzamili wa kliniki nchini, maombi yametumwa, mguu wa ualimu utafuata kwa mafunzo ya ufundishaji baada ya mwaka wa kwanza. Faili 3 na 5: chuo cha kati, mafunzo ya ukufunzi kwanza, uzamili wa elimu kwa mbali baadaye wakiwa kazini. Faili 4: hati ya jina imetoka jana, NIDA inarekebishwa, transkripti itaombwa Jumatatu. Faili 6 na 8: wanasubiri mpango wa mafunzo. Faili 7: elimu ya taaluma za afya kwa mbali, bahasha imekamilika, swali liko TCU. Faili 9: pointi zimeingizwa, leseni imehuishwa, barua moja ya mdhamini bado.

Jedwali lina programu 17, zote zimepimwa kwa safu 8. Nakala zimeachwa kwa wasimamizi wa mafunzo wa hospitali tatu. Kikao kijacho ni baada ya dirisha la udahili kufungwa. Kila mwombaji aje na karatasi ya uthibitisho yenye namba ya kumbukumbu ya malipo.